Kasika Harudi kwa Njia ya Kinshasa

Mulekera, upande wa Beni, mkulima akitaka kujua kama kakao yake imevundika sawasawa, humwita Kasika. Yeye hukunja mkono wa kitenge, akauzamisha mkono wake wa kulia ndani ya kasha la mbao, chini ya majani ya ndizi, mpaka kwenye kiwiko. Huuacha humo kidogo, kama mtu anayetafuta ufunguo chini ya kitanda, kisha huutoa na kuunusa. Akisema "geuza leo", kasha linageuzwa leo. Akisema "acha", hata rais wa ushirika haligusi. Mkono huo umekolea rangi kuliko mwenzake, na misa ya Jumapili anapoutoa kupokea komunyo, paroko anaujua kabla hajaiona sura.

Solange Kasika ni mjane, watoto wake wamekwisha kuwa na watoto wao. Ameifanya kazi ya kakao tangu siku ambazo watu wa Beni waliikausha kando ya barabara na kuiuza kwa bei ya huruma. Leo magunia ya ushirika wake yanafika Ubelgiji, kwenye karakana ndogo ya chokoleti, na wenye karakana hiyo walipochoka kuuliza kwa simu kwa nini kakao ya Mulekera haina ukakasi, walimwalika aje mwenyewe. Mwaliko ulikuwa wa miezi minane. Angewafundisha kuzijua punje, nao wangemfundisha kuzifikisha mpaka kwenye chokoleti, ili akirudi afungue karakana ya namna hiyo hapo hapo Mulekera. Ushirika ungelipa ndege, wenyeji wangempa chumba. Jambo moja lilibaki juu yake mwenyewe: bima ya matibabu ya muda wote wa kukaa kule. Bila hiyo, hakuna visa.

Kwa watu wengi wa Beni na Butembo bima ni kile kikaratasi anachokiomba polisi wa barabarani. Kwamba mtu naye anaweza kuwekewa bima kama pikipiki, Kasika alikuwa amelisikia, lakini hakuwahi kumjua aliyefanya hivyo. Alipanda gari mpaka Butembo kumwona kaka yake.

Henri Mathe ndiye mkubwa wa ukoo tangu baba yao alipofariki, na kwao mtu hasafiri mbali bila neno la mkubwa. Ni msafirishaji. Mizigo yake hushuka Mombasa, ikapita Kampala, ikaingia Kongo kwa mpaka wa Kasindi: matairi, vyerehani, mabati, vitambaa. Nusu ya paa za Butembo zimepitia mikononi mwake, na hapendi mtu asahau hilo.

Alisoma mwaliko mara mbili, akauweka juu ya meza ya depo yake.

"Kazi ni muzuri," alisema, kwa Kiswahili cha Butembo kilichochanganyika na Kifaransa. "Na jina letu litafika mbali. Mais ukifia kule, nani atakuleta?"

"Yaya, siendi kufa," Kasika alisema; hivyo ndivyo kwao mdogo anavyomwita mkubwa wake.

"Kamate naye hakuenda kufa."

Kamate alikuwa mdogo wa Mathe na mkubwa wa Kasika, mfanyabiashara wa vitambaa. Alikwenda China kununua mali akafia huko, na huko akazikwa. Familia ilipokea picha ya kaburi kwenye simu. Katika kiwanja chao cha Butembo, kando ya baba, walizika koti lake la mvua, kwa sababu ndilo lililokuwa limebaki na harufu yake.

"Niletee assurance yenye inarudisha mutu kwao," Mathe alisema. "Ile ingine yote ni maneno. Ukiipata, miye mwenyewe nitakupeleka mupaka."

Walikwenda pamoja kwa Germaine Kapinga. Kapinga ni mzaliwa wa Mbuji-Mayi; alifika Butembo akimfuata mumewe, mwalimu aliyetumwa na serikali, na wakati mshahara wa mume ulipokuwa unachelewa, yeye alitafuta kazi ya kuuza bima. Kiswahili amejifunzia sokoni, na wateja humtania kwamba anakiimba. Aliwawekea mikataba miwili mezani.

"Bei zinalingana," alisema. "Hii ya kwanza, hospitali inalipa kidogo tu. Mais mutu akikufa, inarudisha mwili yote, sanduku, ndege, karatasi, bila kuuliza neno. Hii ya pili, hospitali inalipa yote: kulala, dawa, operesheni, miezi yote minane. Kurudisha mwili iko ndani, mais kwa kipimo, hailipi yote."

"Tunakamata ya kwanza," Mathe alisema.

"Yaya, hata sijaishika."

"Shika basi. Tunakamata ya kwanza."

Hata hivyo Mathe hakuwa mtu wa kutia saini karatasi ambayo hajaisoma. Alivaa miwani, akausoma mkataba wa dada yake jinsi anavyosoma hati ya mzigo: unatoka wapi, unafika wapi, nani anapokea. Kidole chake kilisimama katikati ya ukurasa wa mwisho.

"Mama Germaine, hapa wanaandika 'nyumbani'. Nyumbani ni wapi?"

"Ni kwao."

"Kwao wapi? Muzigo haiendake kwao, inaendaka fasi yenye iko na jina."

Kapinga aligeuza ukurasa. "Uwanja wa ndege wa kimataifa wa inchi yake." Alikuwa ameelewa kabla hajasema. "Donc, Kinshasa."

Mathe alivua miwani.

"Toka nizaliwe," alisema polepole, "sijaona kitu hata kimoja chenye kilifika Butembo kwa njia ya Kinshasa. Hata musumari."

"Miye nilifika," Kapinga alisema.

"Weye ulipita Kinshasa ukifuata bwana. Ile ni kesi ingine." Wote watatu walicheka, lakini Mathe aliacha wa kwanza. "Baandike Entebbe. Iko karibu. Gari yangu iko pale kila juma."

"Entebbe iko Uganda, Papa Mathe. Assurance inarudisha mutu mu inchi yake, hapana mu inchi ya jirani."

"Inchi yake iko na mulango mumoja, na ule mulango unaitwa Kasindi."

Kapinga hakubisha. Alisema angewaandikia wakubwa wake awaulize kuhusu mikataba yote miwili. Kisha, kabla hawajasimama, aliuliza lile swali analomuuliza kila mteja.

"Mama Kasika, kuna ugonjwa docteur anaijua? Tension, sukari, moyo?"

Mathe alikuwa amegeuka anamtazama dada yake.

"Hapana," Kasika alisema.

Vidonge vya tension, yaani shinikizo la damu, vilikuwa ndani ya mkoba wake, vimefungwa kwenye leso. Dokta wa kituo cha afya cha Mulekera alikuwa amemwandikia miaka iliyopita, na tangu hapo hakuwahi kuvikosa. Lakini tangu koti la Kamate lizikwe, Mathe hakumruhusu mgonjwa yeyote wa ukoo kuvuka Kasindi, hata mwenye jino bovu. Kasika aliujua mzani: neno moja upande huu, Ubelgiji upande ule. Alirudi Beni akiwa amelificha neno hilo, na njia nzima hakuona hata kilima.

Siku ya kupokea kakao, mkulima mmoja aitwaye Élysée alileta magunia yake. Huyo ni mtu wa maneno mengi, na siku hiyo alikuwa na maneno zaidi ya kawaida. Kasika alipitisha mkono ndani ya gunia la kwanza mpaka katikati.

"Élysée, hii ilinyeshewa."

"Mvua gani, Mama? Kwetu ni jua tu."

Kasika alilimwaga gunia juu ya turubai. Punje za juu na za chini zilikuwa safi. Za katikati zilikuwa za kijivu, zimeshikana kama mikate.

"Jua ya kwenu iko na maji mingi," mama mmoja aliyekuwa anachambua alisema, na uwanja wote ukacheka.

"Ungeniambia," Kasika alisema bila kuinua sauti. "Ningeitenga, ningeianika peke yake, na ungepata kitu. Sasa umeichanganya na nzuri. Hata miye siwezi kuiponyesha."

"Niliogopa utanirudisha nayo."

"Ningekurudisha na gunia moja. Sasa nakurudisha na yote."

Élysée alianza kuyafunga magunia yake. Kasika alibaki amesimama pale na mkono wake wa kulia mbali kidogo na mwili, kama afanyavyo ukiwa mchafu, na waliokuwa wanamjua walishangaa kwamba hakuenda kuunawa. Jioni hiyo alipita kwenye kituo cha afya akamwomba dokta amwandikie cheti: ugonjwa gani, dawa gani, tangu lini.

Kapinga aliwaita juma lililofuata. Wakubwa wake walikuwa wamejibu. Kuhusu mkataba wa kwanza walikataa kabisa: Kinshasa, basi. Kuhusu wa pili walikubali kuandika Entebbe, iwe kwa mgonjwa au kwa maiti, lakini kwa sharti moja. Awepo mtu anayejulikana, atie saini kwamba atampokea pale uwanjani na kumfikisha kwao kwa njia yake mwenyewe.

"Mpokeaji," Mathe alisema. Neno hilo alilijua kuliko jina lake la ubatizo. "Ile kazi njo yangu. Leta kalamu."

"Subiri, Yaya," Kasika alisema. Akamgeukia Kapinga. "Mama Germaine, ile hapana yangu, uifute. Niko na tension. Nakunywaka dawa kila siku."

Aliweka mezani leso yenye vidonge, na cheti juu yake.

Mathe hakugusa chochote. "Tension," alisema.

"Ndiyo, Yaya."

"Na ulinyamaza mbele yangu."

"Njo mbele yako nilinyamaza. Ungekuwa inje, ningesema."

"Bon." Alirudisha kalamu mahali ilipokuwa. "Safari imeisha. Utabaki Mulekera na kakao yako. Bazungu wakikutamani, baje."

Kapinga alijifanya anapanga karatasi. Kasika alivuta kiti chake karibu na cha kaka yake, kama walivyokuwa wakiketi utotoni wakati mama alipokuwa anagawa ugali.

"Yaya, Kamate alikufa na nini?"

"Unajua."

"Sema."

"Malaria."

"Malaria. Ugonjwa yenye hata mutoto wa Mulekera anaponaka. Alilala mu chumba ya hoteli na homa, akaogopa facture ya hospitali ya bageni. Alitupigia simu. Weye ulimwambia avumilie, container itatoka. Na miye nilimwambia avumilie." Sauti yake haikupanda. "Ndege ya kumurudisha ingekuwa hata ya bure, tungezika mwili pahali pa koti. Ile njo tofauti tu. Hatukumukosa Kamate juu ya ndege. Tulimukosa juu hakuingia hospitali."

Mathe aliangalia dirishani. Nje, mpakiaji wa pikipiki alikuwa akifunga magodoro matatu kwa kamba ya mpira, na alimwangalia mpaka alipomaliza.

"Unanitafutia assurance ya kufa," Kasika aliendelea. "Miye naenda kufanya kazi. Nataka ile yenye kichwa ikiniuma asubuhi, saa ile ile naingia hospitali, bila kuhesabu na bila kupigia mutu simu. Na kama nanyamaza juu ya tension, ile assurance itakuwa ya bure, sawa gunia ya Élysée."

"Élysée ni nani?"

"Mutu mumoja wa maneno mingi."

Mathe alivaa miwani tena. Alivuta mkataba wa pili, akausoma wote, hata maandishi madogo ya chini ambayo hakuna mteja wa Kapinga aliyewahi kuyasoma. Alichukua muda. Kapinga aliagiza chai, nayo ikafika ikapoa.

"Banakubali tension?" aliuliza hatimaye.

"Na cheti ya docteur, banakubali. Angenyamaza, siku ya ugonjwa hawangelipa hata kidonge."

"Na hospitali, ni siku ya kwanza? Hawasemi subiri juma?"

"Siku ya kwanza, Papa Mathe."

Alitafuta mstari wa mpokeaji. Aliandika majina yake yote matatu, kwa herufi kubwa, kama anavyofanya Mombasa ili makarani wasije wakasema hawakuona. Kisha akasita.

"Hapa umeandika: akirudi mugonjwa ao akirudi maiti. Ongeza: ao akirudi muzima."

"Akirudi muzima assurance haiko ndani, Papa Mathe. Atapanda ndege yake tu kama batu bote."

"Najua. Ongeza kwa kopi yangu."

Kapinga aliongeza, pembeni, kwa mkono wake. Mathe alitoa mfukoni muhuri wa kampuni yake, ule unaogongwa juu ya matairi na mabati, akaupulizia, akaugonga sawasawa juu ya maneno hayo matatu. Katika Butembo, muhuri huo haujawahi kugongwa juu ya mzigo ambao haukufika.

Kasika aliondoka kwa njia ya Kasindi, ndani ya gari la kaka yake, na Mathe hakurudi mpaka ndege iliporuka. Kule Ubelgiji Kasika alikaa na mkono wake mbele ya watu waliosoma vyuo vya chokoleti, akawaonyesha jinsi kisu kinavyoipasua punje na nini cha kutazama ndani. Nao walimwonyesha mashine, joto, muda wa kusubiri. Kulikuwa na baridi ambayo hakuwa na jina lake. Asubuhi moja ya baridi hiyo alianza kutokwa na damu puani akiwa amesimama kwenye jiko, na kichwa kikawa kama kinafinywa na milango miwili. Wenyeji wake walimwambia apumzike kidogo. Alivua aproni, akachukua kadi ya bima kutoka mkobani, akasema neno moja la Kifaransa ambalo alikuwa ameliweka tayari tangu Butembo: hôpital.

Walimlaza. Walimbadilishia dawa. Hakuna aliyemwuliza atalipa namna gani. Siku ya pili, akiwa bado kitandani, alimpigia Mathe.

"Yaya, niko hospitali. Tension ilipanda. Sasa imeshuka."

Upande wa pili zilisikika honi za malori.

"Nani alikuruhusu kuingia?" Mathe aliuliza.

"Weye. Ulisaini."

Kisha akamsikia akipangusa pua. "Banakupa chakula?"

"Banatoa mkate na jibini."

"Mkate na jibini. Mutu mugonjwa." Lakini sauti yake ilikuwa imelegea, na jioni hiyo, wafanyakazi wake wanasema, aliwasimulia madereva wote kwamba dada yake amelazwa katika hospitali ya Ubelgiji na hadaiwi hata senti, akayasema hayo kwa jinsi mtu mwingine angesema dada yake amepewa nishani.

Miezi minane ilikwisha. Pale Entebbe, mbele ya mlango wa wanaofika, walisimama madereva wa hoteli na vibao vya majina ya watu. Katikati yao alisimama Mathe, amevaa suti ya Pasaka, na kopi yake ya mkataba mkononi. Kasika alitoka akisukuma masanduku, amenenepa kidogo, mkono wa kulia umekolea vile vile.

"Muko sawa, Yaya?"

"Geuka kwanza," Mathe alisema. Aligeuka. Mathe alimkagua kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwani, kama anavyokagua kontena kabla ya kulivunja lakiri. "Hakuna kitu chenye kimepotea," alisema, na hapo ndipo alipomkumbatia.

Kasindi waliifikia mchana wa siku ya pili. Afisa wa forodha, ambaye amemjua Mathe tangu alipokuwa na lori moja, alizunguka gari lote, akachungulia nyuma, hakuona mzigo ila masanduku ya msafiri.

"Papa Mathe, leo unaingiza nini?"

"Leo naingiza dada yangu."

"Iko na karatasi?"

Ulikuwa utani tu, na dereva alikwisha kuwasha gari. Lakini Mathe alikunjua kopi yake, akaipitisha dirishani, kidole kikiwa juu ya muhuri. Afisa aliyasoma maneno ya pembeni, akamtazama Kasika aliyeketi mbele, akayasoma tena.

"Na ile ndani ya sanduku?"

"Ni kakao ya Mulekera," Kasika alisema. "Ilitoka hapa hapa kwenu mwaka jana. Ulipiga cachet, ile muhuri yako, weye mwenyewe."

"Sasa kama ilitoka, inarudi namna gani?"

Kasika alifungua mkoba, akatoa kibao kimoja cha chokoleti, cha kwanza alichokipika kwa mikono yake bila mtu kumsaidia. Juu ya karatasi yake jina la Mulekera lilikuwa limeandikwa kubwa kuliko jina la karakana. Alimwonyesha afisa, bila kukiachia.

"Inarudi imesoma," alisema.

Afisa alicheka, akamrudishia Mathe karatasi yake kwa mikono miwili, akaenda mwenyewe kuinua kizuizi.